Machungwa ya Handeni

Nililelewa Busia, karibu sana na mpaka hivi kwamba kuku wetu walikula Kenya na kutaga Uganda. Shamba la bibi yangu lilikuwa ng'ambo. Kanisa letu lilikuwa ng'ambo. Mtu akiishiwa na chumvi wakati wa kupika, alivuka, akanunua, akarudi sufuria haijaungua. Kwa hiyo nilipokuja kuwa mwalimu wa Kiswahili na historia, mada ya nchi jirani kutia saini mikataba na kuungana haikunisumbua hata kidogo. Niliifundisha kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kwao.

Kisha nikahamishiwa Garissa.

Hapo darajani Mto Tana, kabla hujaingia mjini, tuliteremshwa sote kutoka kwenye basi tukapanga foleni juani. Askari alikitazama kitambulisho changu, akatazama uso wangu, akaniambia nipande. Kwa wengine alikaa zaidi. Aliulizia babu zao, aliulizia shule walizosoma, alishika kitambulisho juu akakitazama dhidi ya mwanga wa jua. Niliketi kitini nikajiuliza kama nimevuka mpaka bila kujua. Sijawahi kuulizwa maswali hayo nikienda nchi ya watu.

Niliyazoea, kama mtu anavyozoea joto. Nilipanga nyumba mtaa wa Iftin, nikafundisha sekondari mchana, na jioni nikasahihisha madaftari. Mwaka ule Somalia ilipoingizwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, redio za mjini hazikuzungumza jambo jingine kwa siku kadhaa. Jirani yangu mmoja, mama muuza vitambaa mwenye duka la kona, alikuja kubisha hodi kwangu akiwa na wenzake.

"Mwalimu," alisema, "ndugu zetu wa ng'ambo wameingia. Sasa biashara itakuwa ya Kiswahili. Sisi tunataka kwenda Arusha, tunataka kwenda Kambala. Tufundishe Kiswahili ya kununua na kuuza."

"Si mnakijua tayari?" niliuliza, nikiwa nimeshazoea p zao zinazogeuka b.

"Hii ni ya kugombana na askari," alisema, na wote wakacheka.

Ndivyo darasa lilivyoanza, katika chumba cha nyuma cha fundi cherehani, baada ya sala ya alasiri. Walikuja akina mama wa vitambaa, wa maziwa ya ngamia, wa viatu. Na alikuja mmoja mzee kuliko wote, ambaye kila asubuhi aliuza anjera, ile mikate laini ya unga uliochachushwa, kwenye meza ndogo nje ya lango langu. Nilimwita eedo, yaani shangazi, kama tunavyomwita hapa kila mwanamke aliyekuzidi umri. Wenzake hawakumwita hivyo. Walikuwa na neno lao kwa ajili yake, neno linalosema juu ya nywele ngumu, na wakilitamka aliitika bila kugeuza kichwa. Alitoka bonde la Mto Juba, huko Somalia, kwa wakulima. Mkekani aliketi karibu na mlango, na kati yake na wengine palibaki nafasi ya kukaa mtu ambayo hakuna aliyeijaza.

Siku ya somo la Jumuiya nilichora ngazi ubaoni. Ya kwanza nikaandika umoja wa forodha: bidhaa zenu hazitozwi ushuru zikivuka. Ya pili, soko la pamoja: watu nao wanavuka, wanafanya kazi, wanaishi. Ya tatu, sarafu moja. Ya nne, huko juu kabisa, shirikisho la kisiasa: serikali zinakuwa kitu kimoja. Nilieleza kwamba nchi haziungani kwa kupendana. Zinaungana kwa kuandikiana ahadi, ahadi juu ya ahadi, mpaka inakuwa ghali kuzivunja.

Eedo aliinua mkono. Hakuwahi kuuinua.

"Bidhaa inabita kwanza," alisema, "watu wanabita nyuma?"

"Zote zinakwenda pamoja, eedo. Nimeziandika hivi ili mwelewe tu."

Aliitikia kwa kichwa.

Msimu wa machungwa ulipofika niliwapeleka sokoni. Lori lilikuwa limetoka Tanzania, limepita Mombasa na Garsen, limesimama kando ya soko la matunda na mlango wa nyuma wazi. Nilitaka wamsikie Mtanzania kwa masikio yao, wapatane naye bei kwa Kiswahili, bila mimi kuwasaidia. Dereva, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye mzigo, alikuwa kijana mnene mcheshi, mtu wa Handeni, mkoa wa Tanga. Aliwaamkia wanafunzi wangu kwa shikamoo zilizowafurahisha mpaka wakasahau walichokuja kufanya. Halafu wakakumbuka. Walimbana. Mama wa vitambaa alimwambia machungwa yake ni madogo. Wa maziwa alimwambia ni makubwa lakini hayana maji. Wa viatu alionja moja, akaonja la pili, akasema bado hajajua ladha yake.

Simu ya dereva ikalia. Alijitenga hatua chache, akaegemea gurudumu, akaanza kuzungumza na mama yake. Tulijua ni mama yake kwa jinsi sauti yake ilivyolainika. Hakuzungumza Kiswahili. Ilikuwa lugha ya kwao, Kizigua, nami nilishika neno moja moja tu, kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Eedo alikuwa amesimama nyuma yake akichagua machungwa. Niliona mkono wake ukikoma kuchagua. Kisha akasema jambo, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa lugha ile ile.

Dereva aligeuka akamtazama mama wa Kisomali aliyejitanda shela kichwani, mikono imejaa machungwa, na simu ikamponyoka ikaanguka vumbini. Ilikuwa bado inasema, "Halo? Halo?"

Baadaye alinitafsiria. Alikuwa amemwambia mama yake kwamba jua la hapa linakaanga mayai juu ya lori, na wanawake wa hapa wanamchuna ngozi kwa bei. Na sauti ikajibu nyuma ya mgongo wake: "Basi punguza, mwanangu, uuze, urudi kwa mama yako."

Soko halikusimama, soko halisimami kwa ajili ya mtu. Lakini sisi tulisimama. Mama wa vitambaa alinishika mkono akaubana. "Subhanallah," alisema. "Huyu anajua lugha ya Tanzania? Alisoma wapi?"

Dereva aliokota simu. Hakuipangusa. Alimuuliza eedo jambo, eedo akamjibu. Akauliza jingine, akajibiwa. Na kila jibu lilipokuja aliweka mkono kinywani. Mwishowe alimpa simu aongee na mama yake. Wanawake wale wawili, mmoja Handeni na mmoja Garissa, ambao hawajawahi kuonana, waliongea kwa sauti iliyopanda mpaka watu wakaanza kutuzunguka. Nilisikia neno kaya mara nyingi. Kwao kaya ni nyumbani.

"Mama yangu anauliza huyu ni nani," dereva aliniambia. Macho yake yalikuwa yamelowa na hakujali. "Anasema anaongea kama bibi yake aliyemzaa mama yake. Anatumia maneno ambayo sisi tumeshayazika."

Tulirudi darasani bila kufundishana kitu. Eedo aliketi mahali pake karibu na mlango, na kwa mara ya kwanza wote waligeuka kumkabili. Alieleza kwa Kiswahili chake, akiomba msaada wa Kisomali pale kilipomwishia. Mababu zake walichukuliwa pwani ya Tanga wakati wa njaa, zamani za mababu wa mababu. Waliahidiwa kazi na chakula, wakapandishwa chomboni, wakauzwa Barawa, pwani ya Somalia, kama watumwa. Wakalima mashamba ya watu mpaka walipotoroka, wakajificha katika misitu ya Juba, wakafyeka, wakalima ya kwao. Lugha hawakuiacha. Bibi yake alimpiga kofi kila alipotaja maji kwa Kisomali ndani ya nyumba.

"Nilijua kuna mahali tulitoka," alisema. "Sikujua bado kuna watu huko. Nilidhani lugha imebaki kwetu beke yetu."

Nimesoma historia chuoni. Nimefundisha habari za utumwa, nimefundisha habari za Jumuiya, vitabu viwili, vipindi viwili. Nilimtazama mwanamke yule ambaye kila asubuhi nilinunua anjera kwake, nikahisi sakafu inasogea. Tulikuwa tumeketi chumbani mle tukizungumza jinsi Somalia na Tanzania zitakavyoanza kukaribiana.

Dereva alikuja kuaga kesho yake. Alikunywa chai langoni kwangu, na katika mazungumzo akasema neno ambalo kwake lilikuwa dogo: kwamba kwao kuna watu waliotoka Somalia wakati wa vita, wenye lugha hiyo hiyo, walipewa mashamba, na miaka kadhaa iliyopita wakapewa uraia. Eedo alikuwa anamimina chai. Aliendelea kumimina kikombe kikajaa, chai ikafurika mezani ikaingia kwenye anjera, mpaka nilipomshika mkono.

Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa na binti.

Vita vilipofika mashambani kwao alikuwa mjamzito wa miezi ya mwisho. Dada yake na shemeji walipata nafasi ya boti Kismayu. Nafasi haikumtosha yeye, ila iliwatosha wao na mtoto mdogo. Akampa dada yake mkono wa binti yake, akasema tutaonana Mombasa. Yeye akafuata njia ya nchi kavu kwa miguu. Mimba ile haikufika Kenya. Kambini Dadaab kila mtu mgeni alimwuliza habari za boti, na mwishowe mtu mmoja akamwambia boti ilizama. Akakaa matanga. Miaka ikapita, akaja mjini kwa ruhusa, akaanza kuuza anjera, na hakulitaja jina la mtoto tena.

"Boti ni nyingi," dereva alisema polepole. "Nipe jina lako, na jina la mama yako, na la kijiji. Nitauliza tu. Siahidi kitu, mama."

Wiki zikapita. Nilijitahidi nisimtazame eedo kwa jicho la kuuliza. Aliuza anjera zake, alikuja darasani, alijifunza kusema "naomba unipunguzie" mahali pa "bunguza". Kisha alasiri moja, katikati ya somo la vipimo, simu yangu ikalia na nikaona ni dereva.

"Mwalimu, uko na mama?"

"Ninaye hapa."

"Weka sauti kubwa, wote wasikie. Lakini kwanza mwambie aketi."

"Ameketi."

Kukawa na mparuzo, kisha sauti ya mwanamke, Kiswahili safi cha Tanga. "Mwalimu, hujambo. Samahani. Mimi siwezi kuamini mtu hivi hivi, tumeshadanganywa sana. Muulize, siku ya boti, alinifungia nini kwenye kitambaa?"

Sikuwa na haja ya kuuliza, alikuwa amesikia. Nilimtazama eedo. Uso wake ulikuwa mgumu kama ukuta.

"Ndimu," alisema. "Nilisikia bahari inatabisha."

Simuni pakasikika kilio, si cha huzuni wala cha furaha, kilio cha mtu aliyepigwa. Eedo hakulia. Alibaki akiitazama simu mkononi mwangu kana kwamba ni mnyama ambaye hajui kama anauma. Mama wa vitambaa alinyanyuka. Aliivuka ile nafasi ya mkekani iliyokuwa tupu tangu siku ya kwanza, akapiga magoti mbele ya eedo, akavua shali yake ya hariri, akaanza kumpangusa jasho usoni, akisema, "Eedo, buumua. Buumua, eedo."

Mimi ndiye niliyesema neno la kijinga zaidi. Nilisema, "Hakuna shida. Utaenda kumwona. Mkataba unaruhusu."

Niliamini hivyo. Tulikwenda ofisi ya uhamiaji asubuhi iliyofuata, eedo amevaa dera jipya aliloazimwa na mama wa viatu. Afisa alikuwa mtu wa bara kama mimi, mpole, akatukaribisha viti. Nikamweleza habari yote kwa haraka. Somalia imeingia katika Jumuiya, Tanzania imo, Kenya imo. Mwananchi wa nchi mwanachama anaingia nchi nyingine, anapigiwa muhuri, hatozwi kitu. Nilikuwa nikihutubia.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Umesema kweli tupu, mwalimu," alisema. "Sasa, mama ni raia wa nchi gani?"

"Somalia."

"Ana pasipoti ya Somalia? Kitambulisho? Cheti cha kuzaliwa?"

Eedo alitoa kadi yake ya ukimbizi, ile ya kambini, iliyokunjwa kwenye plastiki. Alizaliwa shambani kando ya mto. Serikali aliyoifahamu utotoni ilikuwa lori lililokuja kuchukua mahindi.

"Hii inasema sisi Kenya tunamhifadhi," afisa alisema. "Haisemi ni wa wapi. Mkataba, mwalimu, ni ahadi ya nchi kwa nchi. Unamfungulia mlango raia. Mama hana nchi ya kumshikia mlango. Na hata kutoka Garissa hii kwenda Mombasa, anahitaji kibali."

"Lakini machungwa yalipita," eedo alisema.

Afisa hakuelewa. Nilimweleza habari za lori.

"Machungwa yana cheti," alisema, na niliona kwamba hakutaka kulisema. "Cheti cha uasili. Kinaonyesha yamelimwa nchi gani."

Tulitoka nje. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi, maana afisa hakukosea, na waliouandika mkataba hawakukosea. Nilikuwa nimefundisha ibara zile miaka yote, na katika kila moja neno raia lilikuwa pale pale, mimi nikilipita kama mtu anavyopita jiwe la mpaka kwao Busia. Eedo alinipapasa bega. Yeye alinifariji mimi. "Ni kitu kidogo," alisema. "Nilidhani amekufa. Sasa ni karatasi beke yake."

Dereva aliporudi na mzigo mwingine alikuja na wazo lake. Nyuma ya kreti pana nafasi, alisema, na yeye anaifahamu njia. Usiku mmoja na nusu, mama yuko Handeni.

Eedo alimjibu kwa Kizigua, kisha, kwa heshima yangu, akarudia kwa Kiswahili.

"Bibi zangu walibakiwa kwenye chombo kama gunia. Hakuna mtu aliwauliza jina. Mimi sitarudi hivyo."

Dereva aliinamisha kichwa. Akamenya chungwa. Halafu akasema, "Basi atakuja yeye. Yeye ni Mtanzania. Yeye ana nchi."

Lilikuwa jambo rahisi sana na sisi sote tulikuwa tumelipita. Binti alikwenda ofisi ya wilaya kwao, akapewa hati ya dharura ya kusafiria. Akapanda lori la machungwa. Pale mpakani Horohoro waliingia ofisini, afisa wa Kenya akamuuliza anakwenda kwa nani. Akasema, kwa mama yangu. Akagongewa muhuri wa miezi kadhaa, bure, akaambiwa karibu. Alinihadithia baadaye kwamba alisimama pale dirishani akisubiri wamwambie jambo jingine, mpaka aliyekuwa nyuma yake akamwomba asogee. Na daraja la Tana, lile daraja ambalo wanafunzi wangu waliozaliwa Garissa hulivuka wakijibu habari za babu zao, ambalo eedo hakuwahi kulivuka bila kibali, binti alilivuka papo hapo. Askari alifungua hati, akaona muhuri, akaifunga.

Nilifurahi kwa ajili yake. Pia niliona haya, haya ya mwenye nyumba ambaye mgeni wake ameingia kwa mlango mkubwa huku wenyeji wamesimama dirishani.

Walifika saa ya adhuhuri. Tulikuwa uani kwangu, darasa zima, tumepika wali na nyama ya mbuzi. Lori liliposimama nje eedo alinyanyuka, akaketi, akanyanyuka tena. Lango likafunguka akaingia mwanamke wa makamo, mrefu, amejifunga kanga mbili, begi begani. Mvi zilimchungulia kando ya masikio.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kukumbatiana na machozi. Halikutokea hata moja. Eedo alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagonga ukuta wa jiko. Akasema, kwa sauti ya mtoto, "Mama?"

Binti alidhani hajasikia vizuri. "Ni mimi, mama."

"Mama," eedo alisema tena.

Alikuwa akimwona mama yake mzazi. Aliagana na mtoto wa kumshika mkono, na katika miaka yote ya kumlilia alimlilia mtoto. Hakuwa amejitayarisha kwa mwanamke. Sura iliyoingia langoni ilikuwa ya marehemu bibi wa binti huyo, aliyezikwa kando ya Juba kabla ya vita, na umri ulikuwa karibu ule ule. Binti alifahamu kabla yetu. Aliweka begi chini, akaketi mchangani pale alipokuwa, miguu mbele kama watoto wanavyoketi, akaanza kusema naye Kizigua polepole, bila kusogea. Alizungumza muda mrefu. Eedo aliteleza ukutani taratibu mpaka naye akaketi chini. Mwishowe alinyoosha mkono, akagusa kidole gumba cha mguu wa binti yake, akakishika. Walikaa hivyo. Wali ulipoa, na hakuna mtu aliyewaambia waje kula.

Binti alikaa karibu miezi mitatu. Kutoka kwake nilijua kwamba boti iliyozama ilikuwa nyingine. Ile yao ilipitiliza Mombasa ikafika Tanga. Mama yake mdogo alimlea, akafariki huko huko Handeni, akazikwa kijijini kwao, ambako siku ya kupewa uraia waliapa uwanjani kundi kundi, wazee wakilia. Alikuwa amepiga kura tayari zaidi ya mara moja. Eedo alimuuliza kura ni kitu gani hasa, unaingia chumbani na kufanya nini. Binti akamwonyesha kwa kipande cha boksi na kijiti cha mkaa, wakacheka mpaka eedo akashika mbavu. Alimfundisha mama yake Kiswahili kuliko nilivyomfundisha mimi. Mama naye alimrekebisha Kizigua chake, akisema kimejaa Kiswahili.

Darasani alikuja siku moja. Akina mama walimzunguka kwa maswali: nyumba ya kulala wageni Tanga ni bei gani, mwanamke akisafiri peke yake anasumbuliwa, kanga zinanunuliwa wapi kwa jumla. Mama wa vitambaa alimpigia simu baadaye, binti akiwa amesharudi kwao, alipokwenda Tanga kwa mara ya kwanza, na wakaonana. Ana mzigo wa kanga za huko dukani hadi leo. Ngazi yangu ya ubaoni, kwake imefanya kazi.

Mvua zilipokaribia kwao Handeni, binti alitakiwa kurudi. Alikuwa na shamba la muhogo, na watoto. Kabla hajaondoka tulirudi kwa yule afisa sote watatu. Afisa alimtazama binti, akamtazama mama, akafunga mlango. Alituambia iko njia: mkimbizi anaweza kuomba hati ya kusafiria ya wakimbizi, inayotambuliwa ng'ambo. Ni ndefu, inapitia Nairobi, na hawezi kutuahidi lini. Tuliomba siku ile ile. Eedo alipigwa picha, akaulizwa jina lake kamili, akalitaja na la baba yake na la babu yake, taratibu, mpaka afisa akamwambia yanatosha.

Bado tunasubiri. Mpaka wa Kenya na Somalia kwa barabara, kila baada ya muda tunaambiwa utafunguliwa. Mara mbili nimekwenda Nairobi wakati wa likizo kuuliza habari za hati, nikarudi na neno "inashughulikiwa". Siku hizi nikifundisha somo lile kwa wanafunzi wangu wa sekondari, nachora ngazi kama kawaida, kisha nawauliza ni nani, kwa kukosa karatasi, hawezi kuweka mguu hata kwenye ngazi ya kwanza. Daima yuko mtoto mmoja anayetazama chini, nami simwiti jina.

Juzi, siku ya Idi, nilikwenda kumsalimia eedo. Alikuwa barazani na simu ameiegemeza kwenye birika, uso wa mjukuu umejaa kiooni, nyuma yake mbuzi anakula nguo kwenye kamba. Eedo alikuwa akifoka kwa Kizigua, kidole juu. Alinipungia niketi bila kunitazama.

"Namwambia afukuze mbuzi," alisema, "na yeye ananiambia bibi, ongea bole bole, sikuelewi. Hebu niambie, mwalimu. Mtoto wa Handeni!"

Akaendelea kumfokea, polepole sasa, neno baada ya neno, mpaka mtoto akaelewa na kukimbia.